Skrubu Kumi na Sita na Maji ya Laga

12 Septemba

Leo nimeshuhudia jambo ambalo nimelifundisha kwa miaka kumi na mmoja bila kuliona. Skrubu ya milimita tatu, niliyoikaza kwa mkono wangu mpaka ikakataa kuendelea, imejifungua yenyewe robo ya mzunguko katika safari ya dakika nane. Hakuna kidole kilichoigusa. Kilichoigusa ni mtetemo, nao hauna mkono wala bisibisi.

Ushahidi ni wa Sora. Kabla hatujairusha droni, alichora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye mkono wa fremu. Nilimwambia kwamba chombo cha kitaalamu hakipakwi vipodozi. Akajibu, "Mwalimu, hii si urembo. Hii ni shahidi." Ilipotua, mistari kumi na mitano ilikuwa mizima na mmoja umekatika: nusu yake imebaki kwenye fremu, nusu nyingine imeugeukia upande mwingine kama watu walionuniana. Niliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Sora ni fundi wa simu katika soko la Garissa, Mborana kutoka upande wa Wajir. Mimi hufundisha upimaji wa ardhi katika chuo cha ufundi hapa mjini. Kwetu ni Griftu, nami ni Msomali. Kisomali chake ni cha kuuzia, Kiborana changu ni cha salamu, kwa hiyo kazi yetu yote hufanyika kwa Kiswahili, na daftari hili nitaliandika kwa lugha ya kazi. Kibali cha kurusha tunacho. Kimebandikwa ukutani mwa karakana.

13 Septemba

Niandike sababu, nisije nikajidanganya kwamba huu ni mchezo. Ulianza kama mchezo wa likizo. Sasa una kazi.

Mdogo wangu Ayan ana mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na daktari amesema wa pili lazima azaliwe hospitalini, hapa Garissa, katika wiki ya tatu ya Novemba. Ayan anaishi na mama mkwe wake, Weris, kilomita sabini kutoka hapa, ng'ambo ya laga, yaani ule mto wa mchanga usio na maji mpaka mvua za vuli zinyeshe. Mvua hizo, tunazoziita deyr, huanza Oktoba. Mwaka jana laga ilikata njia kwa siku tisa. Mwaka juzi dereva mmoja aliyakadiria maji kuwa ya magotini, akaingia. Gari lilipatikana siku ya nne.

Ukisimama ukingoni huwezi kujua maji yana kina gani wala yanatawanyika wapi. Kutoka juu inawezekana. Rangi ya maji na mikunjo yake husema mengi kwa anayejua kusoma. Nataka jicho hilo liwe tayari kabla ya vuli.

15 Septemba

Nyuzi thelathini na tisa. Betri zimechemka zikiwa mezani. Hatukurusha.

19 Septemba

Tumeirusha juu ya laga yenyewe. Aliyetupeleka ni binamu yangu Mustafe, dereva, ambaye gari lake hulipenda kuliko jamaa zake na huyasema hayo mbele yetu.

Tulipoitazama picha Mustafe alishtuka. "Subhanallah! Maji yametoka wapi?"

Laga nzima ilikuwa inacheza mawimbi. Niliinua macho nikaitazama laga halisi: mchanga mkavu, na mbuzi watatu wamelala katikati. Katika picha mbuzi hao walikuwa wanaogelea.

"Mwalimu ametengeneza mto," Sora akasema. "Wakubwa walishindwa, yeye ameweza."

Walicheka mpaka Mustafe akaegemea gari. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikwisha kuelewa. Kamera haichukui picha kwa mara moja. Huisoma mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, kama msomaji wa ukurasa. Ikitetemeshwa wakati inasoma, kila mstari huangukia mahali tofauti kidogo na ule uliotangulia, na kilichonyooka hupindapinda. Ardhi kavu huwa maji. Kwa hiyo chombo nilichokijenga ili kinitofautishie maji na mchanga, kwa sasa ni mashine ya kuzalisha mazigazi, na mazigazi katika nchi hii tayari tunayo ya kutosha.

24 Septemba

Nimeshinda mchana kutwa na rafadha, ambazo Sora huziita mapanga. Tunaipitisha sindano katika tundu la rafadha na kuiacha ilale inavyotaka. Bawa zito hushuka. Kisha tunabandika kipande cha utepe kwenye bawa jepesi, tunakipunguza kwa wembe, tunajaribu tena, mpaka rafadha ikae popote ilipoachwa.

Utepe uliosawazisha rafadha ya pili ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Niliupima katika mizani ya maabara: sehemu moja ya ishirini ya gramu. Nikapiga hesabu. Kwa mizunguko mia moja na hamsini kwa sekunde, tofauti hiyo huivuta injini kwa nguvu inayokaribia uzito wa robo kilo ya nyama, ikibadili upande mara mia na hamsini kabla hujamaliza kusema "bismillahi". Nilirudia hesabu mara tatu, nikiamini nimekosea nukta. Sikukosea. Nilimwonyesha Sora karatasi.

"Robo kilo," akasema polepole. "Kwa kitu ukipiga chafya kinapotea."

Akaibandika karatasi ukutani, kando ya kibali.

27 Septemba

Raba chini ya kamera, raba chini ya bodi ya kuongozea. Raba ngumu hupitisha mtetemo. Laini mno huifanya kamera iyumbe. Ya kati imepatikana katika kiatu kilichotupwa.

1 Oktoba

Hasara. Tulinunua dawa ya skrubu, kile kioevu cha buluu kinachoganda ndani ya hesi, yaani meno ya skrubu, na kuizuia skrubu isizunguke. Niliitia katika kila skrubu, pamoja na zile za ganda la kamera, ambalo ni la plastiki. Asubuhi ganda lilikuwa limejaa nyufa nyeupe, nyembamba kama unywele, na pembe moja ilivunjika nilipoishika.

Sora alisema alikuwa amenionya: dawa hiyo ni ya chuma kwa chuma. Sikumbuki onyo lolote. Nimeamua kuwa dawa hii haifai kuaminiwa, na kwamba Sora huzungumza mno wakati wa kazi, kiasi kwamba maonyo yake hayajitenganishi na mizaha yake.

3 Oktoba

Nimepata badala. Sandukuni nina habag, gundi ya migunga, niliyoletewa kutoka nyumbani. Machozi yake ni safi, rangi ya asali. Nimeiyeyusha kwa maji moto kidogo, nikaitia tone tone katika hesi, nikaianika juani siku nzima. Imekauka ngumu kama kioo, na plastiki haikudhurika. Nguvu ya kuifungua skrubu, kwa kipimo changu, imeongezeka zaidi ya mara mbili.

"Mwalimu, mimi hii nimezoea kutafuna," Sora akasema. "Kurusha sijawahi."

"Jaribio litasema."

"Sawa. Lakini ikianguka, mbuzi watakula ushahidi."

6 Oktoba

Safari nne. Mistari yote mizima.

9 Oktoba

Safari saba. Mizima.

14 Oktoba

Safari ya ishirini. Hakuna mstari hata mmoja uliosogea. Nakiri kwamba nimefurahi kwa namna isiyolingana na umri wangu.

16 Oktoba

Picha imetulia.

Sijui niandike nini zaidi ya hayo, ingawa najua kwamba kesho nitajilaumu kwa kutoandika. Tuliipandisha mita themanini juu ya laga, na kwa mara ya kwanza nikauona mto huu niliouvuka mara nyingi. Mchanga una mafungu, yamelala kimshazari, kila moja limeachwa na mafuriko ya mwaka wake. Vijia vya mbuzi vinakutana na kuachana kama mishipa katika jani. Niliona mahali ambapo maji hubana kati ya kingo mbili, penye kivuko cha magari, na kilomita mbili hivi chini yake mahali ambapo laga hupanuka mara nne na kuwa uwanda. Niliona nyayo. Nyayo za mtu mmoja, peku, kutoka ukingo hadi ukingo.

Nimefundisha ramani kwa miaka mingi. Leo nimejua kwamba nilikuwa nafundisha sahani bila chakula.

22 Oktoba

Nimempigia Ayan.

"Abaayo," nikamwambia, kama dada wanavyoitana kwetu, "njoo sasa. Chumba kipo, hospitali iko dakika kumi."

"Na duka nimwachie nani? Abdille yuko na ngamia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Duka ni hilo moja tu huku, watu watakunywa chai bila sukari?"

"Watakunywa."

"Wewe hujawahi kuwaona bila sukari." Akacheka. Kisha, kwa sauti nyingine: "Nitakuja tarehe kumi na mbili. Wallahi nitakuja."

"Na mvua?"

"Si wewe una ndege?"

Abdille ni mume wake. Nilikata simu nikiwa na hasira, kisha nikakaa nikiutafakari usemi wake wa mwisho. Hakuutoa kwa dhihaka. Alikuwa ameutia katika mpango wake, kama mtu anavyotia siku ya lori la bidhaa.

29 Oktoba

Mvua ya kwanza, alasiri. Vyura walikuwa wapi miezi yote hii?

2 Novemba

Picha imeanza kucheza. Si sana, lakini kingo za barabara zinapindapinda. Mistari miwili imekatika, yote katika injini ya nyuma kushoto, ambayo Sora aliifungua juzi ili kuondoa mchanga.

Nilimwuliza kama aliikaza kwa vidole.

"Nilikaza na bisibisi, Mwalimu. Kama ile nyingine."

"Safari ishirini hazikusogea. Umeigusa wewe, imesogea. Hitimisho si gumu."

"Mimi nimekaza," akasema. "Wewe umepaka."

"Ungefanya kazi kwa mdomo uliofungwa, ungekumbuka ulichofanya."

Alifunga mkoba wake wa vifaa bila haraka, kila kifaa mahali pake, akaondoka. Hakusema mzaha wowote. Niliusubiri.

4 Novemba

Mvua. Nimekaza skrubu zote mwenyewe. Sora hakuja.

5 Novemba

Mvua. Mistari mitatu imekatika, na miwili kati yake ni katika injini ambayo Sora hakuigusa kamwe. Nimeandika hilo. Sijui nilifanyie nini.

7 Novemba

Ayan anasema maji yameanza kutambaa katikati ya laga, bado ya kifundo cha mguu. Simu ilikatika mara tatu. Tarehe ni ile ile, kumi na mbili.

8 Novemba

Imeanguka.

Ilikuwa mita sita juu ya uwanja wa chuo, hewa nzito baada ya mvua. Nilisikia sauti yake ikibadilika kabla sijaona chochote: kutoka mlio mmoja hadi mlio uliogawanyika. Injini ya mbele ilipiga kichwa chini. Niliiokota matopeni. Kati ya skrubu zake nne, mbili hazikuwepo, na ya tatu na ya nne niliziondoa kwa kucha.

Nilipoishika skrubu ya nne, ilininata. Nilikaa pale matopeni nikikigusanisha kidole gumba na kidole cha shahada, vikinata na kuachana.

Sikutaka kuelewa peke yangu. Nikaenda sokoni.

Sora alikuwa ameinamia simu ya mteja. Niliiweka skrubu juu ya meza yake. Aliitazama, akalowanisha kidole katika kikombe cha maji, akaisugua, akanionyesha: kidole chake kina rangi ya asali, skrubu inang'aa.

"Mwalimu," akasema, "dugsi, wino mlitengeneza na nini?"

"Makaa," nikasema. "Makaa na habag."

"Na loho mlifuta na nini?"

Kila mtoto wa nchi hii aliyepita katika dugsi, chuo cha Kurani, ameishika loho, ubao wa kuandikia. Niliandika aya kwa wino wa makaa na gundi, nikaihifadhi, na kisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mara mamia, nikauosha ubao nao ukatoka mweupe. Gundi hiyo hushika maandishi kwa wiki nzima na huyaachilia mara ikutanapo na maji. Ndiyo sababu ilichaguliwa. Nilikuwa nimeijaribu mara ishirini katika ukame na kuiita hakika. Hewa ya vuli, yenye unyevu, ilikuwa inaiosha loho yangu kidogo kidogo, na mimi nikamlaumu mtu.

"Kwa maji," nikasema. Kisha nikasema jambo ambalo sikumbuki kumwambia fundi yeyote. "Nimekosea mimi. Nawe ulinionya juu ya plastiki, na sikusikiliza. Maneno yale niliyokuambia hayakuwa ya kusemwa."

Mteja alikuwa anatusikiliza akiwa amesahau simu yake. Sora akakuna shingo.

"Kaa," akasema. "Chai iko. Dawa ya buluu tutatia leo ama kesho?"

10 Novemba

Mkono mpya wa fremu umewekwa. Tangu asubuhi tunasafisha hesi kwa spiriti, skrubu kumi na sita na matundu kumi na sita, mpaka pamba itoke nyeupe. Tone moja la dawa kwa kila skrubu, chuma kwa chuma. Palipo na plastiki tumeweka nati zenye pete ya nailoni, bila dawa. Mistari mipya ya rangi ya kucha, nimeichora mimi. Tumemaliza saa kumi na moja jioni. Dawa huhitaji siku nzima kuganda, kwa hiyo itakuwa tayari kesho jioni, na Ayan anatoka kesho kutwa.

11 Novemba

Naandika kwa utaratibu, ingawa siku haikuwa na utaratibu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Ayan alipiga. "Abaayo, yameanza." Nilisikia mvua, nikamsikia Weris akisema jambo kwa ukali, kisha mtandao ukakata, na haukurudi.

Dawa ilikuwa na saa kumi na tatu na nusu. Nilimwambia Sora kwamba haijaganda. Alisema joto huiharakisha. Kwa hiyo tuliingia garini, droni mapajani mwake, na Mustafe akaombwa awashe hita.

"Wasamehe," Mustafe akaliambia gari lake. "Hita, Garissa. Nilinunuaga gari hii sikujua iko nayo."

Vioo vilifungwa. Tulisafiri hivyo kwa karibu saa nne katika tope, tukitiririka jasho, Sora akigeuza droni kila baada ya muda kama anayeoka mkate, mikono yote minne ipate zamu yake mbele ya tundu la hewa moto. Hakuna aliyelalamika. Mustafe aliimba kidogo, vibaya.

Tulifika lagani saa nne na nusu. Mvua ilikuwa imepumzika. Kivuko hakikuwepo, palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yanayokwenda bila sauti kubwa, na lori moja limesimama ukingoni, dereva wake amekaa juu ya shehena. "Tangu jana," akatuambia. Mustafe alitupa kijiti. Hatukukiona tena.

Niliipandisha droni. Nikatazama kwanza ukingo wa barabara, mstari ulionyooka, maana ndio hakimu wangu. Ulinyooka. Haukupinda hata kidogo.

Kisha nikatazama maji, nikayaona kuwa maji. Nchi niliyoijua ikiwa mifupa ilikuwa imevaa mwili. Mto ulikuja kutoka upeo, umejigawa na kuungana, umebeba mbingu mgongoni mwake katika vipande; kila fungu la mchanga nililolihesabu Oktoba lilikuwa limegeuka kuwa kivuli cha rangi chini ya maji, la kina kirefu jeusi, la kina kifupi rangi ya ngozi ya ngamia. Yote yaliweza kusomwa. Mahali pa kivuko palikuwa peusi, na mikunjo imejikaza. Hakuna gari ambalo lingetoka humo.

"Shuka nayo," Sora akasema. "Kule ilipanuka."

Niliifuata laga kuelekea chini. Kilomita moja. Moja na nusu. Rangi ikapauka. Maji yakatawanyika yakawa shuka jembamba, na nikaona mafungu ya mchanga yakitokeza migongo. Na juu ya fungu moja palikuwa na kitu kilichosogea.

"Simama," nikajiambia, ingawa mwenye kuongoza ni mimi.

Alikuwa ngamia. Mbele yake mtu, amemshika kamba. Mgongoni mwa ngamia palikuwa na fito zilizopindwa kama paa la nyumba, zimefunikwa mkeka. Nilishuka hadi mita arobaini, si chini ya hapo, nisije nikamshtua mnyama.

"Ni nani huyo anatembeza nyumba leo?" Mustafe akauliza.

Sora aliinama juu ya kioo. "Si nyumba. Iko mguu hapo. Mguu wa mwanamke."

Mustafe tayari alikuwa amewasha gari. Kama tusingeona, tungesimama kivukoni kama dereva wa lori, na wao wangetokeza ukingo wetu mahali pasipo na njia, kilomita mbili kutoka kwetu, wasijue kwamba tupo.

Tulipofika penye uwanda, Weris alikuwa wa kwanza kupanda ukingo, nguo zimelowa hadi kiunoni. Ni mwembamba, mrefu, na hakunisalimu.

"Gari liko wapi?"

"Liko hapa, eeddo," nikamwambia, kama anavyoitwa shangazi kwetu.

"Basi usisimame. Shika kichwa cha mdogo wako, mimi nishike miguu." Ngamia akapiga magoti. Ayan alikuwa amelala ubavu ndani ya fito, amekunja uso.

"Usinitazame hivyo, abaayo," akasema. "Niinue."

Wakati Mustafe na Weris wakimlaza garini, niliutazama mzigo kwa sekunde chache tu. Chini, juu ya mgongo wa ngamia, mikeka minene ya nyuzi za magome, tabaka tatu, ya chini ngumu, ya juu laini. Juu yake fito nne, zimefungwa kwa kamba ya nyuzi mahali zinapokutana. Hakuna msumari. Weris aliniambia njiani, nilipomwuliza, kwamba walitoka mara tu simu ilipokatika, kilomita kumi na moja, na kwamba wakati wa kuhama ndivyo wagonjwa walivyobebwa siku zote, wewe ulifikiri walibebwaje? Nilizishika kamba. Zilikuwa zimekaza kama alivyozikaza. Katika hatua zote hizo, tope na mchanga na maji, hakuna fundo lililosogea. Nimetumia miezi miwili kutafuta raba ya ugumu wa kati.

Tulimfunga ngamia kwenye mgunga, tukamwachia dereva wa lori amtazame, tukarudi vioo vikiwa wazi.

Saa kumi na moja jioni, upasuaji. Msichana. Kilo tatu na gramu mia moja. Ayan ameamka na ameomba chai, yenye sukari.

12 Novemba

Nimekagua droni. Mistari kumi na sita. Yote mizima.

19 Novemba

Ayan na mtoto wako kwangu tangu jana, pamoja na Weris. Leo Sora alikuja kumwona mtoto, akaleta rangi ya kucha mpya, ya zambarau, akasema ni zawadi ya mtoto lakini mpaka akue tunaweza kuiazima. Kisha akamwonyesha Weris picha ile ya laga katika simu yake kubwa.

Nilidhani angeshangaa. Hakuwahi kujiona kutoka juu. Aliishika simu mbali na uso, kama washikavyo wenye macho ya umri wake, akatazama ngamia akivuka shuka la maji, na yeye mwenyewe mbele, mdogo kama punje. Picha ikafika mwisho.

"Rudisha nyuma," akamwambia Sora.

Akarudisha.

"Hapo. Simamisha." Akaweka ukucha juu ya kioo. "Kamba ya kushoto imelegea."

"Eeddo," nikasema, "nilizishika mimi. Zilikuwa zimekaza."

"Ulizishika za kulia. Za kushoto ulikuwa umezipa mgongo, unamwangalia mdogo wako." Akamrudishia Sora simu. "Ilianza kulegea majini. Nilihisi katika mwendo wa ngamia. Nikasema nikisimama hapa mchanga utatumeza, acha tufike." Kisha akaenda kumchukua mtoto, ambaye alikuwa ameanza kulia.

Nilipeleka picha katika kompyuta ya karakana, nikaikuza mpaka vipande vyake vikaanza kuonekana kimoja kimoja. Upande wa kulia, kamba imelala juu ya mkeka, imenyooka. Upande wa kushoto kuna mstari mwembamba wa kivuli kati ya kamba na mkeka, mahali ambapo pasingepaswa kuwa na kitu. Vipande vinne vya picha. Kwa urefu ule wa mita arobaini, hiyo ni sentimita nane, upana wa kiganja cha Weris. Nimeupima mara tatu, na mara zote tatu umekuwa nane.